Kwa Meku wa kujalidi, Moshi mjini

Duka lenyewe halina kibao. Ukishuka kwa miguu kutoka Mnara wa Saa kuelekea stendi ya mabasi, kuna kichochoro cha mafundi cherehani. Ingia, pita vyerehani vinne, na mlango wa bluu wenye pazia la wavu ndio huo. Ukipotea uliza "kwa Meku wa kujalidi", hata wauza ndizi wa pale nje watakuonyesha. Kazi zake ni zile za stesheni yoyote, yaani duka la steshenari: kopi, kuprinti, kuchapa, spairo, jalada gumu. Naandika kuhusu duka hili kwa sababu nafundisha hisabati chuo kikuu, na kila mwaka ikifika Agosti wanafunzi wangu wananiuliza wapeleke wapi tasnifu zao. Nimekuwa nikimwelekeza mmoja mmoja kwa mdomo. Sasa nimeona niandike mara moja, na nieleze kwa nini nawatuma huko wakati pale karibu na chuo kuna stesheni tatu za bei nafuu zaidi.

Lazima nianze na kilichonipata kabla sijamjua Meku.

Mwaka 2011 nilikuwa mkufunzi msaidizi, ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo kikuu. Nilikuwa nimehitimu na GPA iliyovuka 3.8, ndiyo maana nikabakizwa. Mchana nilisahihisha mazoezi ya wanafunzi zaidi ya 300, usiku naandika tasnifu ya uzamili. Tasnifu ilihusu modeli ya kuenea kwa ugonjwa, na yote ilizunguka namba moja tunayoiandika R yenye sifuri ndogo chini yake. Namba hiyo ni wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja atawaambukiza akiingia katika jamii isiyo na kinga. Ikiwa chini ya 1, ugonjwa unafifia. Ikizidi 1, unasambaa. Kurasa 90 za tasnifu zilikuwa zinauliza jambo hilo tu: namba hii iko upande gani wa 1, na kwa nini?

Nilipeleka faili kwenye flashi katika stesheni moja ya mji mwingine, siku ya mwisho ya kuwasilisha. Kompyuta yao haikuitambua fonti niliyotumia kwa alama. Katika fonti ile ya zamani, kila alama ya hisabati imekalia kiti cha herufi ya kawaida, na mashine isipoitambua fonti inachapa yule mwenye kiti. Basi kila palipokuwa na ≤ pakatokea alama ya pauni ya Uingereza, £. Herufi za Kigiriki nazo: beta ikawa b, lamda ikawa l, myu ikawa m. Pauni inachekesha, lakini mtu anaweza kukisia kilichokusudiwa. Kilichoniua ni b. Mimi nilikuwa na b yangu tayari, kiwango cha kuzaliwa, na beta yangu ilikuwa kiwango cha maambukizi. Zote mbili zikawa b. Mlinganyo ukawa unasema kwamba kuzaliwa ndiko kunakoambukiza.

Sikukagua. Nilipewa nakala nne zimeshajalidiwa, maandishi ya dhahabu yanang'aa, saa kumi imekaribia, nikakimbia nazo. Mtahini aliandika kwamba mtahiniwa hatofautishi kiwango cha kuzaliwa na kiwango cha maambukizi. Angejuaje? Aliona kilichokuwa kwenye karatasi. Nilirudishwa kusahihisha, miezi mitatu ikapita, na nafasi ya kazi niliyokuwa naiwinda ikajazwa na mtu mwingine. Nilipokwenda kulalamika pale stesheni, kijana alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, mashine ndivyo ilivyosoma."

Mei 2014 nilikuwa mhadhiri msaidizi hapa Moshi, nikiwa na pendekezo la utafiti wa uzamivu mkononi. Mvua ya masika ilikuwa inamwagika, nikaingia kichochoroni kujikinga, nikasukuma pazia. Mzee amekaa na sindano, anashona mgongo wa daftari la hesabu za kanisa. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho mpaka alipomaliza tundu alilokuwa nalo. Nikaona nijaribu.

Pendekezo langu lilihusu homa ya Bonde la Ufa. Wafugaji wa Ngorongoro wanaikumbuka ya 2006 na 2007, ng'ombe na mbuzi walivyoharibu mimba baada ya mvua kubwa, na binadamu wakafa pia. Virusi vyake hubebwa na mbu, na wako mbu wanaorithisha virusi hivyo kwa mayai. Mayai hukaa kwenye udongo mkavu hata miaka, yakisubiri mafuriko. Kulikuwa na kiambatisho cha kurasa sita nilichokiandika kwa mkono na kukiskani.

Saa mbili na nusu usiku simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Mwanangu, hizi nukta zilizo juu ya S na juu ya I, ni zako au ni uchafu wa skana?"

Nilikaa kitandani. S kwangu ni wale wanaoweza kuambukizwa, I ni wagonjwa. Katika hisabati ya mabadiliko, nukta juu ya herufi maana yake ni kasi ya kubadilika kwa kitu hicho kadiri wakati unavyokwenda. Ni uandishi uliotoka kwa Newton. Ukiifuta nukta, "kasi ya kuongezeka kwa wagonjwa" inakuwa "wagonjwa", na mlinganyo mzima unakuwa uongo. Nikamwambia ni zangu, zote. Nikamuuliza amejuaje kuuliza.

"Nimeona zinakaa juu ya herufi tu," akasema. "Uchafu hauchagui herufi."

Mzee huyu aliishia darasa la saba. Ufundi wa kujalidi aliupata kwenye kiwanda cha uchapaji akiwa kijana. Hajui kutafuta mzizi wa mlinganyo, wala hajifanyi anajua. Lakini asichokielewa hakigusi mpaka aulize, na mimi tangu mwaka ule sijapata stesheni nyingine yenye tabia hiyo.

Sasa nieleze huduma yenyewe inavyokwenda.

Anataka PDF. Ukimletea faili ya kuhaririwa atakupa kiti, ufungue mwenyewe kwenye kompyuta yake, upitie ukurasa kwa ukurasa kabla hajaprinti. Anachapa kurasa tatu za majaribio, anazichagua yeye: yenye alama nyingi, yenye mchoro, yenye jedwali. Unazisaini kwa penseli pembeni. Hapo ndipo rimu inapofunguliwa. Wateja wenye haraka huchukia utaratibu huu. Mimi ungeniepusha na miezi mitatu.

Kuchapa hesabu kutoka kwenye mwandiko ni kazi ya binti yake, ambaye alisoma mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na ndiye mwenye kompyuta. Mwanzoni alikuwa anatumia programu ya kawaida ya ofisi, akibofya alama moja moja. Mwaka 2016 nilimwekea LaTeX, programu ya kupanga chapa ya hesabu, ambayo haina malipo na ikishaingia kwenye mashine haihitaji bando. Ilimchukua kama miezi minne kuizoea, na sasa anapanga matriki ya safu saba haraka kuniliko. Siku ile namwekea niliwasimulia asili yake. Mwaka 1977 Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake. Hesabu zilikuwa zimechapwa vibaya kiasi kwamba aliweka kitabu pembeni akaanza kutengeneza programu ya kupanga chapa. Alidhani ni kazi ya muda mfupi, ikamla miaka. Programu hiyo ni TeX, na Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake katika miaka ya 1980. Nikawaambia pia kwamba kwa miaka mingi Knuth alimlipa dola 2.56 kila aliyekuwa wa kwanza kugundua kosa katika vitabu vyake.

Meku alisikiliza huku anapaka gundi. Akasema, "Mimi dola sina. Lakini kosa likiwa la kwetu, ukurasa ni bure na soda juu." Tangu siku hiyo ndiyo sheria ya duka, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya mashine ya kopi. Mpaka leo nimekunywa soda mbili. Moja ilikuwa ya ukurasa uliogeuzwa kichwa chini, nyingine ya jina la msimamizi wangu lililokosewa herufi moja kwenye shukrani.

Kujalidi ndiko anakopenda mwenyewe, na mtu akiwa na muda namshauri asiondoke, akae kwenye benchi aangalie. Stesheni nyingi hupaka gundi mgongoni, zikabandika jalada, basi. Kitabu cha namna hiyo ukikifungua katikati kwa nguvu kinaachia kurasa, na tasnifu ya hisabati lazima ifunguliwe kwa nguvu, kwa sababu msomaji ameweka kidole ukurasa wa 31 kwenye dhana na kingine ukurasa wa 78 kwenye uthibitisho. Meku anatoboa matundu pembeni, anashona kwa uzi uliopakwa nta, ndipo anapaka gundi, anaweka kitambaa cha wavu, jalada, halafu usiku kucha chini ya matofali mawili yaliyofungwa kwa magazeti. Ndiyo maana anakataa faili ambayo pambizo la kushoto halijafika sentimita 4, maana ushonaji utameza mwanzo wa kila mstari. Kwa maneno ya kawaida ukipoteza herufi moja mwanzoni unakisia. Kwenye mlinganyo, herufi ya mwanzo inaweza kuwa alama ya kutoa.

Kipindi cha masika gundi inachelewa kukauka, hesabu siku tatu. Kiangazi ni mbili. Akikuambia Alhamisi, ni Alhamisi.

Tasnifu ya uzamivu niliimaliza 2018. Miaka mitano, kozi nne kila muhula, mtoto mmoja. Kuna mchana mmoja umeme ulikuwa umekatika, tumekaa tu, Meku akaniuliza mbu na hesabu vinakutana wapi. Nikamweleza habari za Ronald Ross, daktari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria huletwa na mbu. Baadaye Ross akachukua kalamu akaonyesha kwa hesabu kwamba si lazima kumaliza mbu wote. Ukiwapunguza wakashuka chini ya kiwango fulani, ugonjwa unaisha wenyewe. Madaktari wenzake wengi hawakutaka kuamini, walidhani mbu mmoja akibaki ugonjwa utabaki. Meku alifikiri, akasema ni kama moto wa mabua: yakitawanywa vya kutosha hauruki. Nimeitumia mifano mingi darasani, lakini huo wa mabua ndio wanafunzi wanaoukumbuka kwenye mtihani.

Nakala sita za tasnifu hiyo zilisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam, zimefungwa kwenye boksi la sabuni. Mpaka wakati huo Meku alikuwa ananiita mwanangu au mwalimu. Wenzangu ofisini walianza kuniita Dokta mara tu nilipotoka kwenye utetezi, lakini yeye alisubiri. Nakala ya mwisho yenye masahihisho yote ilipotoka chini ya matofali, aliifuta vumbi kwa mkono wa shati, akanikabidhi kwa mikono miwili: "Dokta, kazi yako hii."

Ningeweza kuishia hapo, ila huduma kubwa kuliko zote alinifanyia kwenye faili la kupandishwa cheo, na walimu wenzangu wa hisabati wanaosoma hapa nataka wasikilize.

Kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi unahitaji machapisho. Kamati ina watu wa fani zote. Katika fani nyingi za maabara, jina la kwanza kwenye makala ni la aliyebeba mzigo. Sisi katika hisabati desturi ni kupanga majina kwa alfabeti. Hardy na Littlewood, wanahisabati wawili wa Uingereza, waliandika pamoja karibu makala 100, na Hardy hakuwa wa kwanza kwa sababu ya kufanya kazi zaidi, ni H tu iko mbele ya L. Jina langu la ukoo linaanza na herufi za mwishoni, kwa hiyo katika makala zangu nyingi mimi ni wa tatu au wa nne. Isitoshe, makala ya hisabati hukaa kwa wahakiki muda mrefu, maana mtu anatakiwa apitie uthibitisho hatua kwa hatua. Moja yangu ilikaa miezi 14 kabla ya jibu la kwanza. Faili langu la kwanza lilirudi na maelezo kwamba mchango wangu katika machapisho haukuonekana wa kuongoza.

Nililia, nasema kweli. Nikalibeba faili hadi kwa Meku nikitaka tu alifumue atoe barua za zamani. Aliniuliza kwa nini lilirudi, nikamwambia. Akauliza, "Kuna mahali wenzenu wameandika kwamba ndivyo mnavyofanya?" Kulikuwa. Chama cha Wanahisabati cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2004 kueleza hilo hilo, kwamba katika sehemu kubwa ya hisabati kazi ya pamoja haigawanyiki vipande vya kila mtu, na majina hupangwa kwa alfabeti. Na nilikuwa nimeliweka! Lilikuwa kiambatisho cha 11, nyuma ya vyeti vya semina.

Meku akasema mtu aliyeshika mafaili 20 hafiki kiambatisho cha 11. Alilifumua faili lote pale pale. Tamko likaja mbele, kabla hata ya orodha ya machapisho. Kila makala ikapata karatasi ya rangi ya kutenganisha, na juu ya kila karatasi binti yake akachapa mistari mitatu niliyoitaja mimi: tatizo lilikuwa nini, hatua ipi ya uthibitisho ni yangu, makala ilipelekwa lini na kukubaliwa lini. Majina yaliyopangwa kwa alfabeti yakaandikiwa hivyo waziwazi. Alinitoza shilingi 18,000 kwa kazi ya siku nzima. Faili likarudi kamatini mwaka 2022, na barua ya uhadhiri mwandamizi ninayo.

Mapungufu yapo, na makubwa mawili yatakugusa.

La kwanza ni rangi. Printa ya rangi ni moja na imechoka: bluu na zambarau hutoka sawa, na kijani hufifia. Kama michoro yako inategemea rangi, usiprinti kwake. Ushauri wangu ni uchore mistari ya aina tofauti, wa moja kwa moja, wa vidoti, wa vipande, kila mmoja na jina lake pembeni. Hata msomaji atakayetoa kopi nyeusi baadaye atakushukuru.

La pili ni msongamano. Duka ni dogo, benchi moja, na kuanzia Agosti hadi Oktoba foleni hufika kwa fundi cherehani wa pili. Hana jenereta. Umeme ukikatika anashona, haprinti. Hakopeshi, na bei yake iko juu: mimi mara ya mwisho nililipa 300 kwa ukurasa wa kuprinti wakati jirani ni 200, na jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu 15,000. Kuchapa hesabu kutoka kwenye mwandiko ni 2,500 kwa ukurasa, ghali kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani pesa za mkopo wa masomo, ndiyo maana nawahimiza wangu wajifunze kuchapa wenyewe tangu mwaka wa pili. Jumamosi anafunga saa saba mchana, Jumapili hafungui kabisa.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili alikuja ofisini na kurasa zake za majaribio. Binti wa Meku alikuwa ameweka maswali saba kwa penseli pembeni. Manne yalikuwa ya nafasi na mabano. Moja lilikuwa jedwali lililorudiwa namba. La sita lilisema: "Mlinganyo wa 3.8 una beta, maneno chini yake yanataja myu. Ipi?" La saba lilisema alama ya ukurasa wa 52 ni "chini ya au sawa na 1", ila uthibitisho unaonekana kutumia "chini ya 1" peke yake, je, ibaki?

Sura hiyo nilikuwa nimeisoma mara tatu na kuipitisha. Tulikaa na yule kijana mpaka saa kumi na moja jioni. R ikiwa 1 kamili, uthibitisho wake haukushika.